Kompaila Itaamini Utakachoiambia

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya watengenezaji programu waliokusanyika Mombasa. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokwama kwenye foleni ya Likoni na walio mbali zaidi. Picha za projekta nimeziacha. Pale nilipokuwa naonyesha skrini, nimeeleza kwa maneno.

Hamjambo? Mbona sauti imetoka upande mmoja tu wa ukumbi? Hamjambo nyote? Haya, sasa tumeanza.

Waandalizi waliponipigia simu walitaka nizungumze juu ya TypeScript, ile lugha inayoongeza aina za data (types) juu ya JavaScript, kipande chochote nipendacho. Nimekuja na kipande kisichopendwa na mtu: faili la tsconfig.json, lenye mipangilio ya kompaila, yaani programu inayokagua msimbo wa TypeScript na kuugeuza kuwa JavaScript, pamoja na zana zinazolizunguka mpaka msimbo wako ufike kwenye simu ya mteja.

Nani humu ana mradi wa TypeScript unaotumiwa na watu? Inueni mikono niione. Karibu ukumbi mzima. Msishushe kwanza. Kati yenu, nani anaweza kumweleza jirani yake kila mstari ulio ndani ya tsconfig yake bila kufungua intaneti? Naona wawili pale mbele, na mmoja wao anacheka, kwa hiyo tuseme mmoja na nusu.

Sisi wengine tumelirithi. Limekuja na kiolezo, au limenakiliwa kutoka mradi uliopita, ambao nao ulinakiliwa kutoka kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi. Hatuligusi mpaka siku kompaila inapopiga kelele na sisi tumechelewa kukabidhi kazi. Siku hiyo tunatafuta mstari wa kuinyamazisha, tunaubandika, kelele zinakwisha, tunamshukuru Mungu na kulala.

Leo nina jambo moja la kusema, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kompaila haina macho. Haijui programu yako itaendeshwa kwenye simu gani, wala seva gani, wala ni zana gani itakayoufungasha msimbo wako baada yake. Inajua kile tu ulichoiambia. Ukiiambia kweli, itakusaidia kuliko mwenzako yeyote wa ofisini. Ukiidanganya, itakuamini, na itakupa tiki ya kijani juu ya uongo wako mwenyewe.

Lakini kwanza, kwa nini machaguo ndani ya tsconfig ni mengi hivi? Yamepita mia. Nani aliyaomba?

Brendan Eich aliunda JavaScript akiwa Netscape, Mei 1995, kwa siku 10. Microsoft ilipotangaza TypeScript, Oktoba 2012, dunia ilikuwa na miaka 17 ya msimbo wa JavaScript. Anders Hejlsberg, ambaye kabla ya hapo alitengeneza Turbo Pascal na kuongoza usanifu wa C#, hakuwa na nafasi ya kuanza ukurasa mpya. Sharti lilikuwa kwamba JavaScript iliyopo iingie ndani ya TypeScript kama ilivyo. Basi ukaguzi mwingi mpya ulipobuniwa, uliwekwa kama hiari, umezimwa, ili mradi uliokuwa ukifanya kazi jana usivunjike leo asubuhi. Faili la tsconfig.json lenyewe lilikuja na toleo la 1.5, mwaka 2015. Ukaguzi wa null, yaani wa thamani isiyokuwepo, ulikuja na toleo la 2.0, mwaka 2016. Chaguo la `strict`, linalowasha ukaguzi mwingi kwa pamoja, lilikuja na toleo la 2.3, mwaka 2017. Kwa hiyo machaguo yale si mapambo. Mengi ni ukaguzi ambao waundaji waliona una faida, ila hawakuweza kumlazimisha mtu. Wamekuachia wewe uamue, na wewe hujaamua. Umenakili.

Tuingie kwenye jambo la kwanza, ambalo ni ukali.

Wangapi hapa wameunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ule mlango wa Safaricom kwa watengenezaji programu? Hapo sasa! Hata waliokuwa wamesinzia wameamka.

Mnaijua STK Push. Mteja anabonyeza "lipa", simu yake inamwomba PIN, kisha majibu yanatumwa kwenye seva yako. Ndani ya majibu kuna `Body`, ndani yake `stkCallback`, na ndani yake `ResultCode`. Malipo yakifaulu, `ResultCode` ni 0, na inakuja sehemu iitwayo `CallbackMetadata` yenye orodha: kiasi, namba ya risiti, tarehe, namba ya simu. Mteja akighairi, `ResultCode` ni 1032, na `CallbackMetadata` haipo. Sikusema iko tupu. Nimesema haipo. Na ndivyo inavyostahili, maana malipo ambayo hayakufanyika hayana risiti.

Niliwahi kuitwa na timu moja iliyokuwa na mfumo wa kuuza tiketi. Seva yao ilikuwa inazima jioni, wakati watu wengi wananunua. Walishaongeza kumbukumbu, walishahamia seva kubwa zaidi, walishamlaumu mtu wa mtandao. Tukafungua msimbo. Aliyeandika aina za yale majibu alikuwa makini kweli kweli. Aliandika `CallbackMetadata` akaweka alama ya kuulizia mbele yake, maana yake sehemu hii inaweza isiwepo. Alisoma nyaraka, akaelewa, akaiambia kompaila kweli tupu. Halafu mistari michache chini yake, mwenzake akaandika moja kwa moja: chukua `CallbackMetadata`, chukua `Item`, tafuta risiti kwa `find`, soma `Value`. Mteja mmoja akighairi, programu inajaribu kusoma kitu ndani ya `undefined`, yaani ndani ya kisichokuwepo, kosa halishikwi na mtu, na Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, inazima.

Sasa niwaulize. Aina ilikuwa sahihi. Alama ya kuulizia ilikuwepo. Kwa nini kompaila haikusema kitu?

Kwa sababu `strictNullChecks`, ule ukaguzi wa null, ilikuwa imezimwa. Na ikizimwa, ile alama ya kuulizia haizuii chochote unaposoma. Kompaila inaiona, kisha inakuchukulia kwamba kitu kipo. Kila mtu alidhani amelindwa kwa sababu aina zimeandikwa vizuri, kumbe ulinzi ulikuwa umefungwa kwenye faili jingine kabisa, kwa neno `false`. Tulipoiwasha, kompaila ilitaja mstari ule ule. Ikataja na ule wa `find`, maana `find` isipopata kitu hurudisha `undefined`. Makosa mawili kwenye sentensi moja, yalikuwa yamelala pale muda wote.

Mtaniambia: sawa mzee, tumekuelewa, lakini sisi tukiwasha `strict` leo tunapata makosa mengi kuliko mistari ya msimbo. Nawaelewa. Timu ya VS Code, kihariri ambacho wengi wenu mnacho kwenye laptopu zenu sasa hivi, ilikuwa katika hali hiyo hiyo, na hao ni majirani wa waundaji wa TypeScript wenyewe, kampuni moja. Mwaka 2019 walieleza jinsi walivyojitoa. Hawakusimamisha kazi. Walitengeneza tsconfig ya pili yenye ukaguzi wa null umewashwa, na ndani yake wakaorodhesha mafaili machache tu yaliyokwisha kusafishwa. Walianza na yale yasiyoagiza faili jingine lolote, maana ukisafisha faili linalotegemea jingine chafu, uchafu unarudi. Faili likisafishwa, linaingia kwenye orodha. Na hapa ndipo penye akili yote: ile tsconfig ya pili iliingizwa kwenye ujenzi wa kila siku. Ukivunja faili lililokwisha kuingia, ujenzi unagoma. Orodha ikakua mpaka ikawa mradi mzima.

Je, hiyo inahitaji bajeti ya Microsoft? Haihitaji. Inahitaji mtu mmoja mkaidi, na Ijumaa mchana.

Kuna njia nyingine, ya kishujaa zaidi. Machi 2022 kampuni ya malipo ya Stripe walihamisha zaidi ya mistari milioni 3.7 kutoka Flow, zana nyingine ya kukagua aina, kwenda TypeScript kwa mkupuo mmoja, wikiendi moja, na makosa yaliyobaki wakayawekea alama ya `@ts-expect-error`. Alama hiyo ina uzuri wake: siku kosa likirekebishwa, kompaila inakudai uiondoe. Kwa hiyo deni linabaki limeandikwa. Linganisheni na `@ts-ignore`, ambayo inanyamaza milele, hata pale ambapo hakuna tena cha kunyamazia. Mimi katika timu yangu `@ts-ignore` haipiti. Mnaweza kuniita mgumu.

Kabla sijaacha ukali, niseme na mipaka yake, msije mkatoka hapa mkidhani `strict` ni dawa ya kila ugonjwa.

Mpaka wa kwanza: unaposoma majibu ya `fetch` kwa `json()`, kinachorudi ni `any`, aina ambayo kompaila haiikagui. Na `any` hupita popote. Hata ukiwasha machaguo yote duniani, data inayotoka nje ya programu yako kompaila haijaiona na haitaiona, kwa sababu aina hufutwa kabla programu haijaanza kuendeshwa. Pale mlangoni lazima ukague mwenyewe, kwa maktaba kama Zod au kwa `if` za kawaida.

Mpaka wa pili ni huu. Yale majibu ya malipo huleta tarehe kama namba, mfano 20250601102115: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, vimebanwa pamoja. Mtu anaichukua anaipa `new Date`. Kompaila inaridhika kabisa, maana `Date` hupokea namba. Lakini namba hiyo `Date` inaihesabu kama milisekunde tangu 1970, na risiti ya mteja inatoka imeandikwa mwaka 2611! Aina ziko sawa, maana imepotea. Hapo tsconfig haikusaidii kitu, andika jaribio.

Na chaguo moja ambalo `strict` haiwashi, ambalo nawasihi muwashe kwenye mradi mpya: `noUncheckedIndexedAccess`. Bila hilo, ukichukua kitu cha kwanza kwenye orodha, kompaila inaapa kwamba kipo, hata orodha ikiwa tupu. Kwenye mradi wa zamani litakuchosha, nakubali. Kwenye mradi mpya hutalisikia uzito wake.

Jambo la pili: programu yako inaendeshwa wapi?

Kuna duka moja la mtandaoni la leso na madira. Wenye duka walikuwa wanaona kwenye takwimu zao watu wanafika ukurasa wa kwanza na kuondoka. Hakuna aliyelalamika, maana mteja wa mtandaoni halalamiki, huondoka tu. Mpaka mama mmoja akaja dukani kwao na simu mkononi, akawaambia, "Wanangu, hii duka yenu kwangu ni karatasi nyeupe."

Tukaichomeka ile simu kwenye laptopu. Simu ya Android ya zamani, nafasi imejaa picha za wajukuu, Chrome haijasasishwa miaka. Kwenye koni ya kivinjari, pale makosa yanapoandikwa, mstari mmoja mwekundu: `Unexpected token '.'`. Ile ilikuwa alama ya `?.`, ambayo Chrome iliielewa kuanzia toleo la 80, Februari 2020. Chrome ya yule mama ilikuwa ya kabla ya hapo. Na kosa la sarufi haliui mstari mmoja, linaua faili zima. Ndiyo ile karatasi nyeupe.

Kijana wa timu akasema, rahisi, tunashusha `target` kwenye tsconfig iwe ES2019, yaani JavaScript ya mwaka 2019, na `?.` itageuzwa kuwa msimbo wa zamani. Akashusha. Akajenga. Karatasi ikabaki nyeupe.

Kwa nini? Nani anajua? ... Sawa kabisa, dada. Walikuwa wanajenga kwa Vite, zana ya kufungasha msimbo wa kurasa za wavuti, na Vite haifuati `target` ya tsconfig. Ina `build.target` yake, kwenye faili lake. Alikuwa anaongea na kompaila ambayo wala haikuwa inatoa ule msimbo. Akabadilisha `build.target`, ukurasa ukafunguka, tukapiga makofi. Kisha tukabonyeza kikapu, na kosa jipya: `replaceAll is not a function`.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapoteleza. `target` hugeuza sarufi. Haiongezi uwezo. Mishale, `?.`, `??`, hizo ni sarufi, na zana inaweza kuziandika upya kwa namna ya zamani. Lakini `replaceAll` ni kitu ambacho kivinjari kinacho au hakina. Chrome ilikipata toleo la 85. Kuna chaguo jingine, `lib`, na kazi yake ni kuiambia kompaila vitu gani vipo kule programu itakakoendeshwa. Kuiambia tu! `lib` haileti kitu chochote. Ukiandika ES2021 umeapa kwamba simu za wateja wako zina `replaceAll`. Kompaila itakuamini. Simu ya yule mama haikuapa.

Tukaandika ukweli: `lib` iwe ES2019 na DOM, yaani vitu vya kivinjari. Mara kompaila ikataja kila mahali palipotumika vitu ambavyo ile simu haina. Orodha kamili, bila kuichomeka simu tena. Lakini angalieni, ujumbe wake unakuja na ushauri mwishoni: jaribu kubadilisha `lib` iwe es2021 au zaidi. Ushauri huo ni wa adabu, na kwa duka lile ulikuwa sumu. Nina hakika ndivyo ilivyofika ES2021 pale mwanzoni: mtu alisoma ujumbe, akafuata maelekezo, kosa likaondoka kwenye skrini yake likaenda kukaa kwenye simu ya mteja.

Wasiotaka kuacha `replaceAll` wana njia, walete kijazio cha kweli (polyfill), yaani msimbo unaoongeza uwezo ambao kivinjari hakina. Kwa Vite kuna kifurushi cha `@vitejs/plugin-legacy` kinachotengeneza nakala ya pili kwa vivinjari vya zamani. Ina gharama ya ukubwa, na bando linalipwa na mteja, kwa hiyo pimeni.

Upande wa seva uongo huo huo una sura nyingine. Mradi wa Node wenye DOM ndani ya `lib` unaruhusu uandike `window` na `document`, kompaila haina neno, maana umeiambia upo kwenye kivinjari. Iondoeni. Halafu `moduleResolution`, chaguo la jinsi ya kutafuta mafaili unayoagiza. Ukiweka `bundler`, iliyokuja na toleo la 5.0 mwaka 2023, unasema: kuna zana ya kufungasha itakayopita nyuma yangu, kwa hiyo sihitaji kuandika viambishi vya mafaili ninapoagiza. Kama zana hiyo haipo, na unaendesha matokeo ya tsc, yaani kompaila yenyewe, moja kwa moja kwenye Node kwa moduli za kisasa, utapata `ERR_MODULE_NOT_FOUND` huku faili unaliona kwa macho. Kwa Node tumia `nodenext`. Itakudai uandike `./malipo.js` hata kama faili lako ni malipo.ts. Inaudhi, najua. Ila inakudai kile ambacho Node itakudai baadaye.

Na `paths`, ile njia ya mkato ya `@/`? tsc haiigeuzi inapotoa JavaScript. Inaiacha vile vile. Ni ahadi kwamba mwingine ataitekeleza. Hakikisheni huyo mwingine yupo.

Jambo la tatu, na hili ndilo linaloniletea simu nyingi: nani anayekagua?

Fanyeni jaribio hili jioni. Kwenye mradi wa Vite, andikeni `const bei: number = "mia tano"`. Kisha endesheni `vite build`. Itapita. Tabasamu la kijani, folda ya dist imejaa, tayari kupelekwa.

Zana za siku hizi zina kasi kwa sababu hazikagui. Babel 7, zana ya kugeuza msimbo, mwaka 2018 ilijifunza kufuta aina tu. Kisha Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wa Figma, akaleta esbuild mwaka 2020, imeandikwa kwa lugha ya Go, na watu wakashangaa ujenzi wa dakika kuwa wa sekunde. Zinachukua faili moja, zinafuta aina, zinaenda jingine. Hazitazami kama aina zinakubaliana. Node yenyewe, tangu toleo la 23.6 Januari 2025, inaendesha faili la .ts bila maandalizi, kwa njia hiyo hiyo ya kufuta. Ndiyo maana TypeScript 5.8 ililetewa `erasableSyntaxOnly`: inakukataza `enum` na vingine ambavyo havifutiki, vinavyohitaji msimbo kutengenezwa. Na ndiyo maana ya `isolatedModules`, inayokuonya juu ya msimbo usioweza kugeuzwa faili moja moja, kwa wale mliokuwa mkiiona kwenye kiolezo na kuipita.

Sasa kama zana ya kujenga haikagui, nani anakagua? Kihariri chako, labda, kwa faili ulilolifungua. Na mwenzako aliyebadilisha aina kwenye faili ambalo wewe hukulifungua?

Mnaniambia: tunaendesha tsc. Vizuri. Mnaendesha vipi? Maana tsc nayo ina tabia zake, na nitazitaja haraka. Ya kwanza: ikikuta makosa, bado hutoa JavaScript, isipokuwa umewasha `noEmitOnError`. Ya pili: katika matoleo yote ya mfululizo wa 5, ukiandika `tsc app.ts` kwa kutaja faili, tsconfig yako haisomwi kabisa, na `strict` yako haipo. Ya tatu ndiyo niliyoikuta kwenye timu iliyokuwa na ukaguzi wa kijani muda mrefu, nao wanajivunia. Kwenye hatua zao za ujenzi waliandika `tsc --noEmit`. Mradi ulitokana na kiolezo cha Vite cha React. Fungueni tsconfig.json ya kiolezo hicho: `files` ni orodha tupu, na chini yake `references` mbili, yaani viungo vya tsconfig nyingine, moja ya programu na moja ya mipangilio. Ukiendesha `tsc --noEmit` hapo, kompaila inatazama orodha tupu, haioni faili, haioni kosa, inarudi na heshima zake. Kila siku! Ilipaswa kuwa `tsc -b`, inayofuata zile `references`. Tulipoandika `-b`, skrini ilijaa nyekundu, na kijana mmoja akauliza kama tunaweza kurudisha ilivyokuwa.

Msicheke. Nendeni mkatazame yenu.

Nigusie na matoleo. Tarehe 22 Machi 2016 kifurushi cha mistari 11, left-pad, kiliondolewa na mwenyewe kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, na miradi duniani kote ikagoma kujengwa, Babel ikiwemo. Wengi wa miradi hiyo hawakuwahi kulisikia jina hilo. npm walilazimika kukirudisha. Baadaye tulipata faili la kufunga matoleo, na `npm ci` inayolifuata bila kubadilisha. Linahusu nini kompaila? Linahusu, kwa sababu TypeScript haifuati ule utaratibu wa kwamba namba ya kati ikipanda hakuna kitakachovunjika. Toka 5.7 kwenda 5.8 unaweza kupata makosa mapya kwenye msimbo ambao hukuugusa. Basi mwekeeni TypeScript alama ya `~`, inayozuia namba ya kati kupanda, si `^`, na kupanda toleo iwe kazi ya mtu, siku ya mtu.

Na kasi? Najua laptopu zetu. Washeni `incremental`, inayokumbuka ukaguzi uliopita, gaweni mradi mkubwa kwa `references`, na `skipLibCheck`, inayoruka kukagua mafaili ya maelezo ya aina (.d.ts), mimi naiwasha bila haya, ila mjue inaruka hata mafaili yenu wenyewe ya .d.ts. Machi 2025 Hejlsberg alitangaza kwamba kompaila inahamishiwa kwenye Go. Msimbo wa VS Code, mistari kama milioni 1.5, ulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Wanaosema "hatukagui kwa sababu ni polepole" watafute sababu nyingine mapema.

Naona mwandalizi ananionyesha saa. Fungueni laptopu basi, tufanye pamoja. Ndani ya mradi wenu andikeni `npx tsc --showConfig`. Hiyo ni mipangilio baada ya kurithi kote, si ile mnayodhani mnayo. Kama tsconfig yenu ni ile yenye `references`, ongezeni `-p` na jina la faili lenyewe. Kisha `npx tsc --listFilesOnly`: hayo ndiyo mafaili yanayokaguliwa. Kama yako halimo, halikaguliwi. Na kama kuna faili mlilolitoa kwa `exclude` na bado limo, `npx tsc --explainFiles` itawaambia nani ameliagiza, maana `exclude` haizuii faili lililoagizwa na jingine. Aliyekwama na "haioni moduli" atumie `--traceResolution`, ni maandishi marefu, yasomeni kutoka chini.

Maswali. Nimeandika hapa moja tu, kwa sababu lilirudiwa na watu watatu: "Sisi tuna JavaScript tupu, bosi hataki kusikia TypeScript. Tufanyeje?"

Bosi wenu asisumbuliwe. Wekeni `// @ts-check` juu ya faili moja la .js, lile linalogusa pesa, na VS Code itaanza kulikagua. Aina ziandikeni kwenye maoni ya JSDoc, yaani maelezo yenye muundo maalum ndani ya msimbo. Mkizoea, tengenezeni tsconfig yenye `allowJs`, `checkJs`, `noEmit` na `strict`, muiendeshe kabla ya kila kuunganisha msimbo. Hakuna hatua ya ujenzi inayoongezeka, na mafaili yanabaki .js. Timu ya Svelte, zana ya kutengeneza kurasa za wavuti, ilihamisha msimbo wake wa ndani kwenda njia hii mwaka 2023, na bado unakaguliwa na tsc. Anzeni na lile faili la malipo.